Kilichokatazwa na Kinachoua

Tangu mwaka 2020, vijana wa Kinshasa wamekuwa wakiletwa kwa mamia katika jimbo la Haut-Lomami, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani kwao, ili walime mahindi. Wanapelekwa Kaniama-Kasese, kambi ya Service National iliyo katika teritwari ya Kaniama, iliyo upande wa machweo wa teritwari jirani ya Kabongo. Mjini walikotoka wanaitwa kuluna. Ni vijana wa magenge ya mapanga yaliyoanza kuwatia hofu wakazi wa Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakipora simu, pochi na pikipiki, na kukatana wao kwa wao kwa ajili ya mtaa.

Kambi hiyo ni kongwe kuliko wengi wao. Service National iliundwa na Mzee Laurent-Désiré Kabila mwaka 1997, naye ndiye aliyeitaka Kaniama-Kasese iwe shamba kubwa la kulisha nchi. Chini ya Jenerali Jean-Pierre Kasongo Kabwik, kambi ilipewa kazi nyingine: kupokea kuluna na kuwageuza mafundi. Wamejifunza useremala, ujenzi, kilimo na udereva wa trekta. Madawati waliyoyatengeneza yamepelekwa mashuleni, na mahindi yao yameuzwa katika miji yenye njaa ya unga. Serikali inawaita wajenzi wa taifa, na si jina la bure, maana kazi yao inaonekana kwa macho.

Hatua hiyo ilikuwa nafuu ukilinganisha na zilizoitangulia. Novemba 2013 polisi wa Kinshasa walianzisha Operesheni Likofi, yaani operesheni ya ngumi. Kwa miezi mitatu waliwatoa vijana majumbani usiku, na shirika la Human Rights Watch likaandika kwamba wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 wakatoweka. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la muda mrefu la kutekeleza hukumu ya kifo, ikiutaja ujambazi wa mijini sambamba na usaliti wa taifa. Kati ya risasi na kamba, shamba la mahindi ni rehema.

Lakini kuna jambo ambalo trekta halilijibu. Kijana anayeshushwa Kaniama-Kasese hakuja na panga lake, limebaki Kinshasa. Amekuja na mwili uliozoea kitu fulani, na mwili huo utadai kitu hicho usiku wa kwanza. Ni kitu gani, kimemfanya nini, na sheria inasema nini juu yake? Maswali hayo ni ya Kinshasa, na ni ya Kabongo pia, ingawa majibu ya Kabongo ni tofauti kabisa.

Kinshasa jibu la miaka hii linaitwa bombé. Agosti 2021 Rais Félix Tshisekedi alilitaja mbele ya baraza la mawaziri na kudai hatua zichukuliwe, baada ya picha za vijana waliosimama barabarani bila kujongea, shingo imeinama na mikono inaning'inia, kuzagaa katika simu za watu. Wengine walibaki hivyo kwa saa nyingi. Polisi walikamata watu wapatao 100 walioshukiwa kuhusika. Wenye magari nao walishaanza kulalamika kuhusu wizi wa ajabu: gari linaachwa na redio yake na matairi yake, ila kipande kimoja cha bomba la moshi hakipo.

Kipande hicho ndicho kinachosafisha moshi kabla haujatoka nje. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vidogovidogo, iliyopakwa metali za thamani: platini, paladi na rodi. Vijana waliitoa kauri hiyo, wakaisaga mpaka ikawa unga wa hudhurungi, wakaichanganya na vidonge vilivyopondwa, vikiwemo vitamini, dawa za usingizi na dawa za kutuliza wasiwasi, pamoja na tumbaku, kisha wakavuta au kumeza.

Kinachomfanya mtu asimame kama nguzo, kwa kadiri dawa zake zinavyojulikana, ni vidonge. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hupunguza mwendo wa ubongo, hulegeza misuli na kuzuia kumbukumbu ya saa zinazofuata. Zikikutana na pombe huweza kupunguza pumzi hadi ikome. Kauri yenyewe haileweshi, ila kuvuta vumbi la kauri na metali ni kuyachubua mapafu kwa ndani, na kovu la mapafu halina dawa.

Hapa sheria ilikwama. Mfumo wote wa kudhibiti dawa za kulevya duniani umejengwa juu ya orodha. Kitu kikiandikwa humo kinakuwa haramu au kinawekewa masharti. Kisipoandikwa kiko huru. Kongo imejiunga na mikataba yote mitatu mikuu ya Umoja wa Mataifa: wa 1961 unaohusu afyuni, koka na bangi, wa 1971 unaohusu dawa zinazobadilisha akili, na wa 1988 unaohusu biashara ya magendo. Katika orodha hizo heroini imo, kokeini imo, na diazepamu imo katika daraja la chini kabisa la mkataba wa 1971, kwa kuwa madaktari wanaihitaji. Kipande cha bomba la moshi la Toyota hakimo popote, wala hakuna mbunge anayeweza kukiandika humo.

Orodha hizo zilitungwaje? Ukitafuta jibu huna haja ya kutoka katika ardhi ya Baluba, wenyeji wa Kabongo, na majirani zao, kwa sababu mojawapo ya makatazo makongwe ya bangi barani Afrika liliigusa ardhi hii.

Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Hermann von Wissmann na Paul Pogge, walifika Kasai kwa Bashilange, ndugu na majirani wa Baluba kwa upande wa magharibi. Walimkuta mfalme Kalamba Mukenge akiongoza jamii iliyobadilisha dini yake, siasa yake na desturi zake kwa kuizunguka bangi, ambayo huko inaitwa diamba. Hirizi za zamani zilikuwa zimechomwa moto. Mvinyo wa mawese ulikatazwa. Watu waliosalimiana kama wana wa diamba hawakuruhusiwa kumwaga damu ya wenzao, na jioni waliketi pamoja kuvuta kwa kibuyu kikubwa kilichopitishwa mkono kwa mkono. Aliyekosa aliweza kuhukumiwa kuvuta mbele ya watu hadi apoteze fahamu. 

Si lazima mtu aisifu dini ya Kalamba ili aone jambo lililo muhimu ndani yake. Jamii ile ilikuwa na kanuni zake: wapi pa kuvuta, lini, pamoja na nani, na ni kipi kilichokatazwa. Na kilichokatazwa kilikuwa pombe. Waliotunga kanuni hizo walikuwa wakiishi nazo wenyewe.

Kanuni iliyofuata ilitoka mbali. Mwaka 1903 Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitoa amri ya kukataza kilimo, uuzaji na uvutaji wa bangi.  Mabwana wa mpira na reli walitaka mikono inayofanya kazi, nao waliogopa kila mkusanyiko ambao hawakuusimamia. Miaka 22 baadaye, mwaka 1925 huko Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliushawishi mkutano wa afyuni kuiweka bangi chini ya udhibiti wa kimataifa, akiungwa mkono na hoja ambazo Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuzipeleka. Mkataba wa 1961 ukaipandisha hadi daraja lenye ukali kuliko yote, pamoja na heroini. Huko ilikaa hadi tarehe 2 Desemba 2020, ambapo tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura mjini Vienna na kuishusha daraja moja: kura 27 dhidi ya 25, na nchi moja ikajizuia. Mmea haukubadilika hata jani. Kura mbili ndizo zilizobadilisha daraja lake.

Pombe ilikwenda njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 ilibana uuzaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya bara, na kuzuia utengenezaji wake humo. Mkongo hakuruhusiwa kunywa mvinyo wa Ulaya wala konyagi mpaka miaka ya 1950. Bwana alikunywa barazani, mtumishi akamimina bila kuonja. Vizuizi hivyo vya rangi vilipoanguka, hapakuwa na mkataba mwingine wa dunia uliochukua nafasi yake. Hadi leo haupo. Tumbaku ina mkataba wake, bangi ina wake, pombe haina.

Sasa hesabu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na dawa nyingine zote za kulevya zikijumlishwa vifo laki sita. Na kwa idadi ya watu, Afrika ni miongoni mwa kanda zinazoumizwa zaidi na pombe hiyo.

Hapo ndipo Kabongo inapoingia kwa jina lake. Reli inayotoka Kamina kwenda Kabalo, iliyokamilishwa mwaka 1956, inapita hapa, lakini treni si ya kutegemewa, na barabara za masika ni matope. Bombé haina haja ya kufika. Kinacholewesha kinatokana na kilichopo shambani, yaani mahindi na muhogo, nacho kinaitwa lutuku.

Anayeipika mara nyingi ni mama. Mahindi yanalowekwa mpaka yachipue, yanakaushwa na kutwangwa, yanachanganywa na unga wa muhogo uliopikwa, kisha yanaachwa siku kadhaa yachachuke. Togwa hiyo inawekwa katika pipa la chuma juu ya moto, mvuke unapitishwa katika bomba linalovuka maji ya baridi, na upande wa pili kinadondoka kinywaji cheupe kikali. Jerikeni moja inaweza kulipa karo ya mtoto au sabuni na chumvi ya mwezi. Anayemlaumu mama huyo bila kumwonyesha pato jingine hajaielewa Kabongo. Afisa anayekuja kumpokonya jerikeni kwa jina la sheria, kisha akaondoka nayo, ameielewa vizuri mno.

Makanisa yamepigana na kinywaji hicho kwa miaka mingi. Wamethodisti, ambao wana mizizi mirefu Kabongo na Kamina, wamefundisha waumini wao kuepuka pombe kwa vizazi kadhaa. Wapentekoste wamefanya vivyo hivyo tangu wamisionari Burton na Salter walipofika Mwanza ya Baluba mwaka 1915. Mafundisho hayo yameokoa nyumba nyingi, na ni haki kuyasema. Aliyekwisha kuwa mtumwa wa lutuku, hata hivyo, anahitaji zaidi ya mahubiri, na sababu yake iko katika ini na ubongo.

Watu wengi wanaamini kwamba lutuku inapofusha. Kuna ukweli ndani yake, ila unahitaji kuelezwa sawasawa. Kinachopofusha ni methanoli, ndugu wa pombe ya kawaida, ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mahindi na muhogo hutoa methanoli kidogo tu. Maafa makubwa hutokea mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na rahisi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa hivyo kusini-magharibi mwa Uganda kwa waragi iliyochafuliwa, na Mei 2014 nchini Kenya idadi kama hiyo walikufa katika siku chache, wengine wakibaki vipofu. Kwa lutuku ya kijijini hatari ya kila siku ni nyingine: ukali usiojulikana, maana hakuna kipimo, na pipa lenyewe, ambalo huenda lilibeba mafuta au kemikali kabla ya kubeba togwa.

Halafu kuna madhara ya polepole, yasiyoandikwa katika cheti chochote cha kifo. Mnywaji wa kila siku huacha kula. Tumbo lake halinyonyi tena vitamini B1, na ubongo bila vitamini hiyo huanza kuharibika: macho yanacheza, miguu inayumba hata asubuhi ambayo hajanywa, kumbukumbu ya jana inapotea naye anajaza pengo kwa hadithi za kubuni. Jirani husema amerogwa. Ini lililokwisha kuliwa na homa ya ini ya aina ya B, ugonjwa ulioenea sana Kongo, huzeeka haraka zaidi likiongezewa pombe. Tumbo linajaa maji, mguu unavimba, damu inatapikwa. Mwanamke mjamzito anayekunywa huweza kumzaa mtoto ambaye ubongo wake hautakua sawasawa maisha yake yote, na mwalimu wa darasa la pili atamwita mjinga.

Bangi nayo ina madhara yake, wala si haki kuyaficha kwa sababu amri ya 1903 ilikuwa ya kikoloni. Dutu yake kuu, ambayo wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964, inaitwa THC. Kwa mtu mzima anayevuta mara moja moja huvuruga kumbukumbu na kipimo cha wakati kwa saa chache. Kwa kijana wa miaka 14 mambo ni mengine, maana ubongo haumalizi kujijenga mpaka karibu na miaka 25. Anayeanza mapema na kuvuta kila siku huongeza uwezekano wa kupata wazimu wa kusikia sauti, hasa kama katika ukoo wake uko tayari. Karibu mmoja kati ya kumi wanaovuta hushindwa kuacha. Katika vita vya kaskazini mwa Katanga, kuanzia 1998 na miaka iliyofuata, watoto walioingizwa katika makundi ya wapiganaji walipewa bangi na pombe ili wasiogope. Wale waliosalia ni baba za watu leo.

Tofauti kubwa baina ya vitu hivi inaonekana siku mtu anapoviacha, na hapo orodha za sheria zinapotosha vibaya. Anayeacha bangi ghafla atakosa usingizi, atakuwa mkali, atatoka jasho, lakini hafi. Anayeacha heroini atateseka kwa siku kadhaa kana kwamba mifupa inavunjwa, ila mara chache atakufa. Anayeacha lutuku ghafla, baada ya miaka ya kunywa asubuhi na jioni, anaweza kufa. Katika siku mbili za kwanza huja kifafa. Siku ya tatu huja kuweweseka, joto la mwili, mapigo ya moyo yanayokimbia, wadudu anaowaona ukutani peke yake. Kadhalika anayeacha ghafla vidonge vya usingizi, kama vile vinavyopondwa ndani ya bombé. Kilichoachwa huru au kuwekewa masharti mepesi ndicho kinachoua kinapoachwa, na kilichokatazwa vikali kinavumilika.

Wangapi wamefungiwa katika chumba cha maombi, siku saba bila maji wala chakula, wakitetemeka, na wanaowaombea wakiona katika mtetemo huo pepo anayetoka? Nia ilikuwa njema. Mgonjwa yule alihitaji maji, vitamini B1 ya sindano na diazepamu kwa kipimo kinachopungua siku baada ya siku. Ndiyo, diazepamu ileile inayomgandisha kijana wa Kinshasa barabarani. Mkononi mwa munganga, yaani daktari, inazuia kifafa cha mlevi. Bei yake ni ndogo, na hata zahanati ya kijijini inaweza kuitunza.

Mfano mwingine wa dawa yenye sura mbili ni tramadoli. Kampuni ya Kijerumani ya Grünenthal ilianza kuiuza mwaka 1977 kama dawa ya maumivu. Haimo katika orodha yoyote ya kimataifa, na kwa sababu hiyo ilienea Afrika Magharibi na ya Kati kwa namna ambayo mofini haikuweza. Mwaka 2013 watafiti walitangaza jambo la kushangaza: wameikuta tramadoli katika mizizi ya mti wa porini wa kaskazini mwa Cameroon, Nauclea latifolia, unaotumiwa na waganga wa jadi. Dunia ikashangilia kwamba mti umeitengeneza dawa kabla ya kiwanda. Mwaka uliofuata mtafiti Michael Spiteller na wenzake walieleza chanzo halisi. Wakulima walikuwa wakimeza vidonge vingi ili wavumilie jua na jembe, na wakiwapa ng'ombe wao wa kulimia pia. Dawa ilipita katika mkojo, ikaingia udongoni, mizizi ikaifyonza.

Vidonge viliingia mwilini mwa mkulima kwa mlango wa kazi. Mgongo unauma, siku ni ndefu, kidonge kinapatikana sokoni kwenye meza, karibu na sabuni na betri, bila karatasi ya munganga. Hivyo ndivyo dawa zinavyouzwa katika masoko mengi ya Kongo, na mgongo wa mlimaji wa Kabongo si tofauti na wa Mkameruni. Tramadoli ikizidi kipimo huleta kifafa, na ikichanganywa na pombe huzuia pumzi. India, vinakotoka vidonge vingi vya tramadoli vinavyouzwa Afrika, iliiweka dawa hiyo chini ya sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018 tu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tiba ya haya yote ni kuongeza majina katika orodha. Uganda imeonyesha upande wa pili. Mofini imo katika daraja la kwanza la mkataba wa 1961, na kwa hofu ya neno hilo serikali nyingi za Afrika ziliiacha isiingie kabisa, wagonjwa wa saratani wakafa wakipiga kelele. Mkataba wenyewe hausemi hivyo. Dibaji yake inakiri kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kupunguza maumivu na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana. Mwaka 1993 munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia unga wa mofini uliochanganywa na maji, katika chupa ambayo mgonjwa anaweza kunywea nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu manesi waliofunzwa kuiandika wenyewe, maana madaktari hawakutosha. Nchi haikugeuka kuwa soko la heroini. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi alipata usingizi.

Nesi, basi, ndiye mtu wa kutazamwa, kwa sababu Kabongo inaye. Zoni ya afya ina hospitali kuu ya rufaa na vituo vya afya vijijini, na katika vingi vya vituo hivyo nesi ndiye munganga, mkunga na mwandishi. Daktari wa akili hayupo karibu. Kituo kinachojulikana zaidi Katanga ni Joseph Guislain cha Lubumbashi, kilichoanzishwa na Mabruda wa Upendo na kubeba jina la daktari wa Ghent aliyewafungua wagonjwa wa akili minyororo katika karne ya 19. Kutoka Kamina peke yake ni karibu kilomita 600 za reli mpaka Lubumbashi. Familia ya mlevi wa Kabongo haiuzi mbuzi wote ili imsafirishe huko. Itamfunga kamba nyumbani au itampeleka kwa nabii.

Shirika la Afya Duniani liliona tatizo hili mapema na mwaka 2008 likaanzisha mpango wa mhGAP, unaomfundisha nesi asiye bingwa wa akili kutambua na kutibu kifafa, huzuni kubwa, wazimu na ulevi kwa kufuata hatua zilizoandikwa wazi. Mafunzo yake ni ya siku chache. Yanamfundisha kuuliza maswali machache bila dharau: unakunywa nini, kiasi gani, asubuhi mikono inatetemeka? Yanamfundisha nani atibiwe nyumbani na nani alazwe. Kwa upande wa heroini, Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na watu waliokuwa wakijidunga vichochoroni Kinondoni wakaanza kurudi kwa wake zao na kazi zao wakinywa kikombe kila asubuhi mbele ya nesi. Methadoni haimsaidii mnywaji wa lutuku, lakini Muhimbili imethibitisha kwamba hospitali ya umma ya nchi isiyo tajiri inaweza kumpokea mtu ambaye polisi walikuwa wamekata tamaa naye.

Na Kaniama-Kasese? Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kuziomba nchi zifunge vituo vya kuwazuilia watumiaji wa dawa za kulevya kwa nguvu, yakisema kwamba kazi ya kulazimishwa si matibabu. Tamko hilo lilizilenga zaidi nchi za Asia, na kambi ya Haut-Lomami si nakala ya vituo vile. Kijana anatoka na ufundi, na wapo waliotoka wakiwa watu wapya. Hata hivyo swali la tamko linabaki halali. Kijana aliyezoea vidonge vya usingizi akishushwa kambini na kupewa jembe siku inayofuata, yuko katika siku ambazo kifafa huja. Kambi yenye matrekta inashindwaje kuwa na wodi yenye vitanda kumi, nesi aliyefunzwa na kabati la dawa? Na akirudi mtaani Kinshasa na cheti cha useremala, ni nani atamsikiliza usiku hamu inapomrudia?

 Serikali ya jimbo huko Kamina, maaskofu na wachungaji wenye hospitali zao, na wakuu wa zoni za afya za Kabongo na Kaniama wanaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya kutoka Kinshasa. Manesi wa vituo vya afya wafundishwe mhGAP. Diazepamu na vitamini B1 ziwepo kabatini na daftari la kuzihesabu liwepo pembeni. Mchungaji amfahamu nesi, na kabla ya kuanza mfungo wa siku saba ampeleke kwanza mlevi akapimwe. Mama mpika lutuku asaidiwe kuuza unga wake mahali pengine, badala ya kufukuzwa na jerikeni yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliongeza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa mbili za kumsaidia mtu aliyeacha pombe asiirudie, akamprosati na naltreksoni. Kuingia katika orodha hiyo maana yake ni kwamba kila serikali inashauriwa kuhakikisha zinapatikana katika hospitali zake, ya Kabongo ikiwemo.